Nani Atarudi Kukuuliza?

Ndugu zangu wafanyabiashara, mabibi na mabwana, hamjambo?

Mwenyekiti amenitambulisha kwa maneno mazuri, nami nimeyapokea yote. Alilosahau kusema ni kwamba mimi mwenyewe nimewahi kufunga biashara. Nilikuwa na karakana ndogo ya uchapaji, mashine mbili na vijana watatu, na kazi zilikuwa zinaingia kila siku. Siku niliyofunga mlango, oda za watu zilikuwa bado ziko mezani. Biashara yangu haikufa kwa kukosa wateja, ilikufa wateja wakiwa wamepanga foleni. Nilikuwa ninakula mtaji huku nikidhani ninakula faida, na hapakuwa na mtu wa kunishika mkono aniambie. Kwa hiyo mkiniona nimesimama hapa kuzungumzia ukocha wa biashara na kujifunza, jueni kwamba ada nililipa. (Vicheko.)

Nianze na daftari.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumtembelea fundi cherehani mmoja, mama wa makamo, aliyewahi kuhudhuria semina yangu ya siku tatu. Semina ile ilifana, nasema mwenyewe. Tulifundisha masoko, hesabu, huduma kwa wateja, upangaji wa bei, na jioni ya mwisho tukapiga picha ya pamoja. Nilipofika kwake nikakuta vyeti vinne ukutani, kimoja wapo kikiwa na sahihi yangu, vyote vimetiwa kwenye fremu. Nikaomba kuona daftari la mauzo tulilowapa. Akalichomoa chini ya rundo la vipande vya vitambaa.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeandikwa vizuri mno, kwa wino wa rangi mbili, mistari imepigwa kwa rula: tarehe, mteja, kazi, malipo ya awali, salio. Ukurasa wa pili ulikuwa na siku nne tu. Ukurasa wa tatu ulikuwa na kiuno na mabega ya mtu, yaani vipimo. Kuanzia hapo kurasa zilikuwa nyeupe mpaka jalada la nyuma.

Nikamuuliza, kulikoni, mama? Akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sindano: "Mwalimu, hukurudi kuniuliza."

Nimefundisha watu wengi, lakini sidhani kama nimewahi kufundishwa hivyo kwa maneno matatu. Tuna methali inayosema mali bila daftari hupotea bila habari. Nilikuwa ninaianza kwenye kila semina, na ukumbi mzima unaimalizia kwa sauti moja. Yule mama naye aliimalizia. Alijua kwamba daftari linatakiwa, alijua linajazwaje, tena alilijaza kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Kilichokosekana ni mtu wa kulifungua pamoja naye wiki ya pili, na ya tatu, na ile ya tano ambayo kazi zimebana na mtoto anaumwa.

Mwaka 1885 mwanasaikolojia mmoja Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikuwa anakariri orodha za silabi zisizo na maana yoyote, anaziacha, kisha anapima itamgharimu juhudi kiasi gani kuzikariri upya. Ndani ya saa moja tu, zaidi ya nusu ya kazi aliyoifanya ilikuwa imepotea. Baada ya siku nzima alikuwa amebakiwa na kama theluthi moja. Sasa, silabi si biashara, na jambo lenye maana kwako hukaa kichwani muda mrefu zaidi. Ila Ebbinghaus aliona pia jambo la pili, ambalo waandaaji wa semina hatupendi kulisikia: kurudia kidogokidogo kwa siku kadhaa kunashinda kurudia mara nyingi kwa mkupuo. Semina ya siku tatu, ndugu zangu, ni mkupuo.

Jambo hili limepimwa kwenye biashara zenyewe, tena ndogo kama zetu. Kule Dandora, mtaa wa Nairobi, watafiti waliwachukua wanawake wenye biashara changa wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja likapewa mafunzo ya darasani. Kundi lingine, kila mmoja akaunganishwa na mfanyabiashara mzoefu wa palepale mtaani awe mlezi wake, wakutane na kuzungumza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Waliopata walezi, faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20. Waliokaa darasani walibadilisha baadhi ya mambo katika uendeshaji wao, lakini faida haikutikisika. Mtu akisikia hapo anapiga makofi na kwenda nyumbani. Subirini kwanza. Jozi zilipoanza kuachana, mlezi akaenda zake na mwanafunzi zake, ile faida nayo ikaanza kuyeyuka.

Nikisoma matokeo yale ninaliona daftari la yule mama, kurasa nyeupe.

Basi mtu atasema, kumbe dawa ni kurudi tu. Hata mimi niliamini hivyo kwa muda, nikawa ninazunguka kwenye maduka na karakana za watu kama mkaguzi. Habari ya leo, daftari liko wapi, mbona hujajaza. Watu wakaanza kunikwepa. Mmoja alijificha nyuma ya jokofu lake mwenyewe. (Vicheko.) Kwa kweli nilimwona viatu.

Kuna utafiti mwingine, wa mjini Lomé, Togo, ulionifungua macho hapo. Walichukuliwa wafanyabiashara wadogo 1,500 wakagawanywa makundi matatu ya watu 500. La kwanza halikupewa kitu. La pili likapewa mafunzo ya kawaida tunayoyafahamu: hesabu, masoko, fedha, rasilimali watu. La tatu likafundishwa kitu walichokiita uthubutu binafsi, yaani mtu azoee kuanzisha jambo kabla hajasukumwa, kutazama mbele, kutafuta kinachomtofautisha na jirani yake, na kutokata tamaa anapogonga mwamba. Makundi yote mawili yaliyofundishwa yalipata saa 36 za mafunzo, na baada ya hapo mkufunzi akawa anawatembelea mara moja kwa mwezi kwa miezi minne. Mmeona? Wote walirudiwa. Kundi la uthubutu faida yake ilipanda kwa asilimia 30. Kundi la mafunzo ya kawaida lilipata kama asilimia 11, na kitakwimu hata hiyo haikuweza kutofautishwa na sifuri, yaani huenda ilikuwa bahati tu.

Kwa hiyo kurudi kuna maana yake, lakini inategemea umerudi na swali gani. Yule anayekuuliza "umejaza?" anakufanya mwanafunzi. Anayekuuliza "umeona nini humu?" anakuachia biashara yako mkononi.

Niwaonyeshe kwa seremala mmoja. Alikuwa anatengeneza viti. Siku moja nafika, ananiambia kabla sijaketi: "Mwalimu, nashusha bei. Jirani kashusha." Zamani ningemwambia papo hapo, usishushe, na ningekuwa na sababu zangu tano. Safari hii nikamwuliza, kile kiti pale kinakugharimu kiasi gani? Akasema inategemea. Nikamwambia sitaki viti vyote, nataka kile. Tukakihesabu. Mbao, gundi, msasa, skrubu, vanishi, usafiri wa kuileta mbao, na siku moja na nusu ya kijana anayemsaidia, ambayo mwanzoni hakuiweka kabisa kwa sababu "yule ni mdogo wangu". Tuzungumze kwa namba rahisi: kiti akikiuza mia moja, gharama yake ni sabini.

Nikamwuliza, ukishusha bei kumi, faida inashuka ngapi?

"Kumi."

Kutoka ngapi?

Hapo akanyamaza. Nami nikanyamaza, na niwaambie, hakuna kazi inayonishinda kama hiyo. Mdomo ulikuwa unaniwasha. Akachukua ile penseli yake bapa ya useremala, akaandika kwenye kipande cha ubao. Thelathini. Toa kumi. Ishirini. "Kumbe nimetoa theluthi," akasema. Sikumjibu. Akaendelea mwenyewe: viti kumi mara thelathini ni mia tatu. Mia tatu gawanya kwa ishirini, kumi na tano. Akageuka akaitazama karakana yake, benchi moja, msaidizi mmoja. "Sina mikono ya viti kumi na tano."

Nilikuwa na sababu tano za kumpa, na hakuna hata moja iliyofikia hiyo ya kwake. Nilipopita wiki mbili baadaye bei ilikuwa ileile, na pembeni ya mlango pamejaa viti vya zamani. Alikuwa ameanza kupokea kazi za ukarabati, ambazo jirani hakuzitaka kwa kuona zinachafua mikono. Mimi wazo la ukarabati halikuwahi kunijia kichwani. Ningekuwa nimejaza hewa kwa maneno siku ile, naye asingelifikia.

Kuna waliokuja na kalamu wakitegemea niwape mambo kumi ya kufanya. Sina kumi. Nina moja ambalo kila mtu anaweza kuanza nalo leo hata kama hesabu zimemtoa jasho maisha yake yote, nalo limepimwa katika Jamhuri ya Dominika. Watafiti walilinganisha wafanyabiashara waliofundishwa uhasibu wa kitabu na wale waliofundishwa kanuni za mkato tu. Za mkato zilishinda, hasa kwa wale ambao hesabu zao zilikuwa hovyo zaidi tangu mwanzo. Kanuni kubwa ilikuwa ya droo mbili. Pesa ya biashara ina droo yake, pesa ya nyumbani ina droo yake, na ukihamisha kutoka huku kwenda kule unaacha kikaratasi kinachosema umechukua kiasi gani. Basi. Mwisho wa mwezi unahesabu vikaratasi.

Mimi katika ile karakana yangu nilikuwa na mfuko mmoja wa suruali. Wino unanunuliwa humo, ada ya shule inatoka humo, rafiki kaja na shida inatoka humohumo. Mteja akilipa malipo ya awali, ile pesa ambayo bado si yangu kwa sababu kazi sijaifanya, nayo inaingia humo na kutoka kabla ya jioni. Ndiyo maana oda zilibaki mezani: karatasi za kuzichapia nilishazila. Ningepewa vikaratasi vile kwa miezi miwili tu, ningeona. Na pengine nisingeona, kama hakuna wa kuniuliza, hiki cha Jumanne ni cha nini?

Sasa niseme kidogo juu ya neno lenyewe, kocha, kwa sababu wapo wanaoliogopa na wapo wanaolitumia kula pesa za watu. Sisi limetufikia kupitia uwanja wa mpira, lakini asili yake ni gari la farasi. Kijiji cha Kocs, huko Hungaria, kilisifika tangu karne ya 15 kwa magari hayo, jina likazunguka Ulaya, na kwenye miaka ya 1830 wanafunzi wa Oxford wakaanza kumwita hivyo kwa utani mwalimu wa pembeni anayewavusha kwenye mtihani. Asili hiyo naipenda. Gari halikuchagulii safari. Ukipanda bila kujua uendako, litakuzungusha na nauli utalipa.

Na wapo wa kuzungusha. Mtu anakuahidi kwamba baada ya kikao chake utakuwa tajiri kwa siku tisini, anapiga kelele jukwaani, unatoka umechangamka na mfuko mwepesi. Kipimo changu ni kidogo tu. Mwulize: utakuja lini kuona nilichofanya? Akianza kukuuzia kifurushi cha pili kabla hajajibu, chukua mkoba wako. Kipimo kingine: je, katika nusu saa ya kwanza ameuliza mauzo yako ya wiki iliyopita? Daktari asiyekupima joto anakuandikia dawa ya nani?

Lakini na sisi tusijidanganye kwa upande wa pili. Mchumi David McKenzie, ambaye amekusanya tathmini nyingi za mafunzo ya aina hii katika nchi zinazoendelea, anakadiria kwamba kwa wastani yanaongeza mauzo na faida kwa asilimia 5 hadi 10. Hiyo ni nyongeza ya heshima kwa mtu anayeendelea kuipata mwaka baada ya mwaka, ila haikujengei ghorofa. Kocha haleti mtaji, hatengenezi barabara, harudishi umeme ukikatika. Kuna biashara nimezikuta zinadaiwa kiasi kwamba swali la maana lilikuwa moja tu, zifungwe vipi bila kuumiza watu. Nimewahi kusaidia kufunga mbili, na sioni aibu kuzihesabu kati ya kazi zangu nzuri.

Hapa najua mmoja wenu anawaza: mwalimu, kocha wa kunitembelea kila wiki nitamlipa na nini? Swali la haki. Jibu langu ni kwamba pengine humhitaji, kwa sababu ameketi kiti cha pili kutoka kwako.

Mjini Nanchang, China, makampuni 2,820 yaligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi ya mameneja wakawekwa kwenye vikundi vidogo vya kukutana kila mwezi kwa mwaka mmoja, wanatembeleana na kuelezana shida zao. Wengine hawakuwekewa vikao. Mapato ya waliokutana yalipanda kwa asilimia 8.1 zaidi, bila profesa kuwasimamia. Na kuna mawili yaliyojitokeza ambayo mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye kikundi atayatambua. Aliyeangukia kundi lenye makampuni makubwa alikua zaidi. Na watu walipeana habari kwa moyo mweupe zaidi pale ambapo hawashindani. Kwa hiyo ukiunda kikundi, usimlete anayeuza kitu kilekile upande wa pili wa barabara. Atakuja, atakunywa maji yako, atasikiliza sana, hatasema lolote.

Vikundi ninavyovifahamu vilivyodumu vina watu watano hadi wanane na vina ubishi. Mnakutana kwenye eneo la kazi la mmoja wenu, zamu kwa zamu, ili macho yaone yenyewe. Mgeni anaona kwa dakika tano bidhaa iliyokaa na vumbi ambayo wewe umeshaacha kuiona. Kila mtu anakuja na namba zake, hata kama ni mbaya, hasa kama ni mbaya. Anaondoka na jambo moja tu la kujaribu, pamoja na jina la mtu atakayempigia simu kabla ya kikao kijacho. Vikundi vilivyokufa, karibu vyote, vilikufa siku vilipogeuka kuwa vya kuwekeza na kukopeshana peke yake. Hilo nalo lina faida yake, lakini ukishamdai mwenzako huwezi tena kumwuliza maswali magumu kwa nia njema, naye hawezi kukujibu ukweli.

Na msimwache nyuma msaidizi wenu. Huko India, viwanda vya nguo vilivyokuwa vimepewa washauri vilirudiwa na watafiti miaka minane au tisa baadaye. Ni viwanda vikubwa kuliko vyetu, lakini sikilizeni. Karibu nusu ya taratibu nzuri zilizokuwa zimeanzishwa zilikuwa zimeachwa, na sababu mojawapo kubwa ni kwamba meneja aliyezijua alikuwa ameondoka. Ujuzi ukikaa kwenye kichwa kimoja, unaondoka na hicho kichwa. Kijana anayefungua duka asubuhi kabla yako, yeye anaijua droo ya pili ni ya nini?

Nilirudi kwa yule mama, mnaweza kuwa mnajiuliza. Nilirudi wiki iliyofuata, halafu kila wiki kwa miezi mitatu, halafu mara moja kwa mwezi, na sasa ni dada mmoja mwuza vitambaa anayekwenda, naye mama anakwenda kwa huyo dada. Daftari la rangi mbili lilishindikana. Alilichukia. Tukaishia kwenye kalenda ya ukutani: kila jioni anaandika ndani ya kisanduku cha siku ile namba mbili, iliyoingia na iliyotoka. Mwezi wa nne akagundua kwamba sare za shule, ambazo alikuwa anajivunia, zinamla, na kwamba marekebisho madogo ya zipu na mikunjo ndiyo yanalipa kodi ya chumba. Kalenda ameitundika juu ya cheti changu. Cheti hakionekani tena.

Nimebakiwa na dakika kumi kabla ya mapumziko, na sitazitumia kuzungumza. Toeni kalamu. Asiye na karatasi achane nyuma ya ratiba. Andika mauzo yako ya jana. Kama huyajui, andika "sijui", nayo ni namba. Chini yake andika jambo moja utakalojaribu kabla ya Ijumaa ijayo, dogo, linaloonekana kwa macho. Halafu mgeukie uliyeketi naye, mpe karatasi yako, chukua yake, pamoja na namba yake ya simu. Kama ni mume wako au mke wako, hama kiti. (Vicheko.)

Ijumaa saa kumi na mbili jioni, piga.